Zipora na Nzi Wanaosimama Hewani

"Hao nyigu wako leo wanakufa, Mama Lusia, utake usitake."

Mwaisha, muuza vitenge wa Masumbwe, amesimama uani. Jana mwanawe Samia aliumwa karibu na jicho, uso ukavimba. Donatus, mpuliziaji wa kukodi, ameshavaa bomba la dawa mgongoni.

Ng'ambo ya ua ni Zipora, Mama Lusia mwenyewe, anayewauzia kabichi mama lishe wa machimboni. Anaomba asubiriwe kidogo tu.

Jua la asubuhi limelala juu ya giligilani aliyoiacha ichanue. Juu ya maua meupe wametanda wadudu wenye mistari ya njano na nyeusi, wamesimama hewani kana kwamba wametundikwa kwa uzi. Mmoja anateleza pembeni, anasimama tena. Hata Donatus anawatazama, mdomo wazi.

Mwaka aliopulizia dawa kila wiki, Zipora alipoteza robo tatu ya kabichi. Vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza majani, walirudi; walaji wao hawakurudi. Mtafiti aliyepanga chumba kwake msimu mzima ndiye aliyemfundisha kuwa hawa wanaosimama hewani ni nzi-maua, na mabuu yao hula vidukari. Tangu hapo, anasema, huwaota hata usingizini.

Anafunika ua moja na mdudu wake kwa glasi, anamwita jirani.

"Hesabu mabawa. Nzi ana mawili, nyigu manne. Vipapasio vifupi, huvioni mpaka usogee. Na macho haya yaliyogusana utosini, huyu ni dume."

"Kwa hiyo mwanangu kaumwa na ndoto?"

Zipora anayapitia maua upya, taratibu, mpaka anamkuta mmoja mwenye kiuno chembamba, vipapasio virefu, mabawa yamekunjwa mgongoni. Angeweza kunyamaza.

"Huyu ni nyigu," anasema. "Hapo una haki."

Nyigu anaruka. Jozi tatu za macho zinamsindikiza juu ya ua, juu ya kamba ya nguo, hadi chini ya paa la jiko la Mwaisha, kwenye kiota cha kijivu.

Mwaisha anacheka mpaka anashika ukuta: kumbe nyigu ni mpangaji wake mwenyewe. Donatus anasema atarudi jioni, nyigu wote wakiwa wamelala, akitoe kiota hicho tu.

Zipora anavuta pumzi. Ndoto yake, anaeleza, ni kupanda giligilani kando ya ua wote, pande zote mbili, jirani akiridhia.

"Panda," anasema Mwaisha, akifungua mlango. "Ila kwanza ingia. Chai ipo, na matobolwa ya viazi vitamu na karanga. Donatus, vua hilo bomba, unawe, nawe uje ule."