Kisomo Nyumbani kwa Mlutheri

Desemba ile Wete haikuona jua. Vuli ilinyesha hadi kuta zikaota ukungu, umeme ukakatika, na mume wangu akaanguka kutoka juu ya mkarafuu. Yeye ni seremala, lakini msimu wa karafuu nani anakaa chini Pemba? Nilimwambia, mti umelowa, usipande. Akanicheka. Tawi la mkarafuu halina subira. Likakatika, akaja nalo. Tangu hapo alilala hospitalini hajafumbua macho, na daktari kila nikimuuliza ananijibu, "Tusubiri, mama."

Kusubiri! Sisi Walutheri, Majilio ndiyo majira yenyewe ya kusubiri. Nilikuwa na mishumaa minne ya kuwashwa Jumapili kwa Jumapili hadi Krismasi. Niliwasha wa kwanza. Jumapili iliyofuata mume wangu ameshaanguka, nikairudisha kabatini. Nilimkasirikia Mungu, sifichi. Sikusali hata mezani. Niliona nikifungua kinywa nitamtukana.

Jioni moja nikamwacha shemeji yangu kando ya kitanda, nikarudi nyumbani kuoga na kupika uji. Simu ilikuwa imezima, hakuna pa kuichaji. Ufunguo na binti yetu mdogo niliwaacha kwa jirani, bi mkubwa mmoja mjane. Nilipokata kona nikaona mlango wangu u wazi, kandambili zimejaa kizingitini. Kisha nikasikia wanawake wakisoma kwa pamoja. Yasini.

Mimi mtu wa bara. Yasini nilikuwa nimeisikia mara moja tu, kwa huyo huyo jirani, siku alipofiwa na mumewe. Nikajua wameshaambiwa kabla yangu, na matanga yameanza. Hodi sikupiga.

"Kafa saa ngapi?" nilipiga ukelele hadi binti yangu akaanza kulia.

Kisomo kikakatika. Bi mkubwa akanyanyuka, msahafu kifuani.

"Nani kafa? Audhubillahi! Usimwapize mumeo, mwanangu. Twamsomea apone."

"Yasini si ya maiti?"

"Ya maiti, na ya mgonjwa, na ya kila mwenye dhiki. Ah, nyie watu wa bara!"

Nikakaa chini puu, sijui nicheke au nilie. Ndipo nikaona wanasoma kwa mwanga gani. Mishumaa yangu yote minne imesimamishwa kwenye visosi, inawaka pamoja, na Krismasi bado. Hasira zikanipanda upya. Nikawaambia ile ni ya ibada, haiwashwi hovyo, kila mmoja una Jumapili yake.

"Tusamehe, hatukujua," bi mkubwa akasema, akainama kuizima. "Lakini mwanangu, kama si kiza hiki, waiwekea kiza gani?"

Nikamshika mkono asizime.

Walipomaliza kusoma akanigeukia. "Sisi tushaomba. Na wewe omba kwenu."

Nilitaka kukataa. Nikaitazama mishumaa. Nikasema kwa sauti, "Bwana Yesu, nimekununia. Usinichukulie mume wangu." Kisha nikalia.

Nikakumbuka nimeomba kwa jina gani, mbele ya nani. Wanawake wakatazamana. Bi mkubwa akavuta mtandio wake, akasema taratibu, "Mola ampe shifaa, apone." Wote wakaitikia, "Amin."

Nikapeleka uji hospitalini, akaunywa shemeji. Mgonjwa alikuwa vile vile. Lakini usiku huo nilimwombea, na uliofuata, hata pale daktari alipoanza kunikwepa macho.

Mume wangu alifumbua macho Krismasi imeshapita, umeme umesharudi. Aliomba maji. Nilimnywesha kwa kijiko, na kabla hajameza vizuri nilikuwa nimeshampigia bi mkubwa simu. Hakungoja nimalize salamu. Alipiga kigelegele sikioni mwangu hadi mgonjwa akashtuka.