Fundi Aliyesikiliza kwa Meno

Fundi aliyezijua sauti za injini kuliko wote Kaloleni, mtaani kwetu Kisumu, alikuwa karibu kiziwi. Alisikiliza kwa meno. Nilimwona, mwanzoni mwa miaka ya themanini, akiuma mpini wa mwiko wa mama yangu huku ncha ya pili ikigusa injini ya pikapu yetu.

Pikapu hiyo ndiyo iliyotulisha. Kila alfajiri mama aliiendesha hadi Asembo Bay, akapakia samaki na barafu, akarudi nao sokoni Kisumu. Tangu mvua zianze, injini ilikuwa ikigonga inapowashwa asubuhi, kama kokoto ndani ya debe, kwa muda wa kuhesabu mpaka saba, kisha kimya. Fundi wa kwanza, wa kule Kisian, alisema injini ishushwe ifunguliwe yote. Hiyo ilimaanisha majuma kadhaa bila gari. Wavuvi wa Asembo wangemuuzia mtu mwingine, na mama alijua kwamba huyo mwingine hangeondoka tena.

Ndipo akaipeleka kwa huyu mzee, Mwislamu ambaye miaka ya kutengeneza mashine za kusaga mahindi ilikuwa imemmaliza masikio. Mzee hakufungua hata boneti.

"Mama, hii gari imefika hapa moto. Gari moto inaficha."

"Sasa niilete imezimwa, nikiisukuma?"

"Hapana. Nitakuja mimi."

Alikuja kesho yake baada ya swala ya alfajiri, kwa miguu. Akaweka kiganja juu ya injini kuhakikisha ni baridi, kisha akaomba mwiko.

"Wa ugali?" mama akauliza kwa sauti ya juu.

"Mkavu. Sio ule wa mchuzi."

Jirani yetu aliyekuwa akifagia mlangoni alishindwa kuvumilia. "Yawa! Mzee, si ungoje kwanza ugali iive!"

Mzee hakusikia, au alijifanya hasikii. Akamwashiria mama awashe. Kokoto zikaanza. Akauma mpini, kwa ncha ya pili akaigusa injini nyuma, akaigusa katikati, akafika mbele, kwenye kifuniko cha mnyororo wa ndani ya injini. Hapo akafumba macho. Sauti ilipokwisha alieleza kwamba mnyororo ule hukazwa kwa nguvu ya oili, na asubuhi oili ilikuwa inachelewa kufika.

Nilidhani sasa ataomba spana. Badala yake alizunguka gari akitazama magurudumu. Mama, kama wachuuzi wengi wa samaki, alikuwa akiiegesha pikapu usiku magurudumu ya mbele yakiwa juu ya mawe, ili maji ya barafu yatiririke nyuma.

"Tangu lini inalala imeinua pua?"

"Tangu mvua. Maji ilikuwa inabaki ndani, inanuka."

"Basi na oili inarudi nyuma, huku mbele inakauka. Toa mawe."

Alfajiri iliyofuata mzee alikuja tena, ingawa hakuna aliyemwita. Mpaka leo hilo ndilo linalonifanya nimheshimu zaidi ya ule ustadi wa meno: alitembea tena njia ile yote ili ajue kama alikosea. Gari lilikuwa limelala sawasawa. Mama akawasha. Nikahesabu moja, na kokoto zikanyamaza. Mama akapiga vigelegele.

Mzee hakuutoa mwiko kinywani upesi. Alipoutoa, uso wake haukuwa na furaha.

"Kuna ingine. Chini. Ndogo sana."

Mama akauchukua mwiko, akaupangusa kwa leso, akauma. Akatikisa kichwa. "Mimi sisikii kitu, Mzee. Itaniharibikia njiani?"

"Leo, hapana. Siku ingine, sijui."

Mama alitazama mashariki palipokuwa pakipambazuka, akashukuru, akaondoka kwenda Asembo.

Tangu siku hiyo, kwa kuwa bila mawe maji ya barafu hayakutiririka yenyewe, alikuwa akisugua bodi ya nyuma kwa mikono kila jioni. Aliiendesha pikapu ile hadi katikati ya miaka ya tisini, akaiuza ikiwa bado inatembea, na mikononi mwetu injini haikufunguliwa hata mara moja. Mzee alikuwa ameshafariki. Hakuna aliyewahi kuniambia ile sauti ya chini ilikuwa ya nini.