Waya Mrefu wa Geertje

Tangu Geertje aanze kusahau, Kiingereza kilimtoka kidogo kidogo, akabaki na Kiholanzi alichokuja nacho Tasmania akiwa msichana. Mumewe, Athol Direen, mkulima wa matufaha katika bonde la Huon, alizeeka naye bila kujifunza hata salamu ya lugha ile. Hakuona haja. Sasa mkewe alimwuliza jambo, akalirudia, akalia, naye Athol amesimama na kijiko cha uji kama bubu.

Ndipo akaikumbuka redio ya zamani, ile ya taa za kioo ndani. Katika ujana wao Geertje alikuwa akitafuta sauti za kwao humo, kwenye masafa mafupi. Athol aliishusha darini, akaifuta vumbi, akaiwasha. Ikanguruma tu.

Akamwita jirani yake, Nev Scurrah, fundi mstaafu wa redio za meli.

"Na hiki kijiti cha nyuma?" Nev aliuliza.

"Antena. Dukani wameniambia inatosha."

"Wamekuuzia mwavuli usio na kitambaa, ndugu yangu. Kwa hii hutamsikia hata jogoo wangu."

Nev akasema ziko njia mbili. Kuna fremu ya waya ya kuweka dirishani. Hiyo hukwepa kelele ambazo umeme wa friji huingiza redioni, ila lazima igeuzwe-geuzwe. Au waya mrefu wa nje, uliotundikwa juu, na mwingine wa kuzikwa ardhini.

"Nani ataigeuza nikiwa shambani?" Athol akasema. "Tutundike waya."

"Kwa mvua hii? Na magoti hayo?"

"Shika ngazi."

"Ukianguka nakufunika turubai, naenda zangu kunywa chai."

Wakauvuta kutoka bomba la moshi hadi kwenye msonobari wa mpakani. Athol alishuka ameloa chapachapa, vidole vimekufa ganzi.

Jioni hiyo sauti ya mwanamke ikatoka redioni, safi, ikisoma habari kwa Kiholanzi. Geertje akainua kichwa. Akacheka, akaijibu, akaongea mfululizo kama mtu aliyefunguliwa kinywa. Athol alitokwa na machozi ya furaha.

Kisha Geertje akamgeukia. Akamtazama kwa adabu, kama anavyotazamwa fundi aliyemaliza kazi. Akamletea koti lake, akamfungulia mlango, akamwonyesha nje kwa tabasamu.

Athol hakubishana. Alikaa kwenye banda la matufaha mpaka matangazo yakaisha.

Ikawa hivyo kila jioni. Wiki ya pili Nev alimkuta bandani, amejikunyata juu ya kreti.

"Niushushe huo waya, Athol?"

"Hapana. Siku hizi analala bila kulia."

"Na wewe je?"

Athol akafunga vifungo vya koti. "Hiyo saa yako inasemaje? Bado hawajamaliza matangazo?"

Nev akavuta kreti jingine, akaketi kando yake.