Mifupa ya Handaki la Kirongwe

Siku yangu ya kwanza katika idara ya mambo ya kale nilikabidhiwa mwiko wa kuchimbia, brashi na daftari. Mhifadhi Mwandamizi akaniambia, "Andika ulichokiona, si ulichokitaka." Miaka mingi nilichimba magofu, na magofu hayana wa kuyalilia. Mabaki ya vita nikayakuta nilipohamishiwa kwetu, kisiwani Mafia.

Kirongwe, katika shamba la minazi, palikuwa na handaki lililochimbwa zama za vita vya Mjerumani na Mwingereza. Tulilifukua tabaka kwa tabaka, maana ukichimba kwa pupa unachanganya ya juzi na ya kale. Chini tukakuta mifupa ya watu wawili. Mmoja alikuwa na vifungo vya sare ya Kizungu. Wa pili hakuwa na kitu ila hirizi ya shaba.

Bi Zuhura, ajuza wa shamba la jirani, alipoiona hirizi alikaa chini mchangani.

"Huyo babu yangu," akasema. "Walimchukua awabebee masanduku ya risasi, hakurudi. Bibi ndiye aliyemfunga hirizi. Nipeni nikamzike."

Nikalifikisha ombi lake kwa Mkuu wa Msafara.

"Hirizi za shaba walivaa wengi," akanijibu. "Tukimpa, tutakuwa tumezika ushahidi."

Kitaalamu hakukosea. Lakini yule Mzungu naye hatukumjua jina, na haukupita muda akapata jeneza, bendera na kaburi. Nilipouliza, Mkuu alisema, "Nchi yake imeandika barua."

Nikanyamaza. Nilikuwa nangoja kupandishwa cheo. Mifupa ya yule wa pili niliifunga kwa mikono yangu, nikaitia sandukuni iende ghalani Dar es Salaam.

Bi Zuhura alinifuata mpaka garini. "Mwanangu, wewe mtu wa hapahapa. Unajua maiti haiachwi bila kuswaliwa."

"Tutamrudisha, bibi," nikamwambia, nami sikuwa na mamlaka hayo.

Cheo nilikipata, na baadaye nikawa Mhifadhi Mkuu mwenyewe. Hapo mamlaka nilikuwa nayo. Lakini kulifungua jalada la mifupa ile kulikuwa kukiri nilivyonyamaza, kwa hiyo nikaliacha mwaka baada ya mwaka. Barua ya kuomba mifupa irudishwe niliiandika nikikaribia kustaafu. Kibali kilitoka nikiwa nyumbani tayari, na Bi Zuhura alikwisha kufariki.

Tulipoirudisha mifupa Kirongwe, mwanawe, Salumu, alitupokea. Aliniamkia kwa adabu, kisha akasema:

"Mama alikungoja, mzee. Gari la serikali likipita, alikuwa akituma mtu aangalie kama ni wewe. Sisi tutamzika huyu. Kama si babu yetu, ni Muislamu wa watu. Ila naomba wewe usishike jeneza."

Sikubisha. Waliposimama safu kumswalia, nilibaki barabarani kando ya gari. Imamu alipotoa takbira nikafunga mikono palepale, peke yangu.

Siku hizi vijana wa idara huja kuniuliza kama yule alikuwa kweli babu yake Bi Zuhura. Nami huwajibu kuwa sijui, wala sitajua. Najua tu kwamba alikuwa na mtu wa kumzika, na mtu huyo alinyimwa, na miongoni mwa waliomnyima nilikuwa mimi.