Mgonjwa Mmoja, Siku Tatu

Mjukuu wangu wa kike anasoma chuo pale Makumira, na mwaka huu wameanza kufundishwa kuandika programu. Alipokuja likizo alinisaidia kazi yangu ya uzee wa kanisa: kupanga wagonjwa watakaopelekewa Chakula cha Bwana nyumbani.

"Bibi, andika wote kwenye mstari mmoja," alisema. "Ukimaliza mgonjwa, weka koma. Programu itakata kila penye koma, kila kipande kiwe mtu wake kwenye orodha, kisha impangie siku."

Nikaandika. Lakini huku kwetu mlimani mama mtu mzima hatajwi kwa jina tupu. Jirani yangu nilimwandika hivi: mjane wa fundi seremala, amelala tangu Kwaresima, nyumba ya juu karibu na msitu. Koma niliziweka pa kuvutia pumzi, kama nilivyofundishwa shuleni. Mjukuu hakupitia nilichoandika. Orodha ikaenda kwa mchungaji.

Jumamosi mchungaji akanipigia simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mchungaji."

"Mama, mgonjwa wangu anapalilia kahawa."

Alikuwa kwa mjane mwingine wa seremala, kule chini barabarani, mzima kabisa. Na kwenye simu yake alikuwa na mgonjwa wa Jumanne anayeitwa "amelala tangu Kwaresima", na wa Alhamisi anayeitwa "nyumba ya juu karibu na msitu". Nilichanganyikiwa. Jirani yangu alikuwa amevalishwa kitenge safi tangu asubuhi, anangoja.

Nikamwelekeza mchungaji, kisha mimi na mjukuu tukapanda kumfuata.

"Hiyo programu haikuona kwamba huyu ni mtu mmoja?" nilimuuliza njiani.

"Haioni mtu, Bibi. Inaona koma."

"Nani aliiambia ikate?"

"Mimi."

"Basi iambie isimkate mama wa watu."

Akacheka. Mimi nilikuwa nauliza kweli.

Tulimkuta mgonjwa ameshapokea, Mungu ashukuriwe. Mjukuu akamwomba radhi, akamweleza vile vipande vyake, akasema anafuta Jumanne na Alhamisi.

Jirani yangu akamshika mkono. "Usifute, mwanangu. Tangu nilale, nani amenijia mara tatu?"

Mchungaji akaitazama simu yake, akairudisha mfukoni.

Tukishuka nikauliza kama programu imekosea au haikukosea. Mjukuu akanieleza mpaka tukafika nyumbani, nami nikamsikiliza kwa saburi, sikuelewa. Jumanne mchungaji alipanda tena.