Mtoto Asiyejua Watu

Aisee, umewahi kuona sherehe nzima inaacha kutafuna kwa wakati mmoja?

Mimi nimeona. Ilikuwa Desemba, Akheri, huku mlimani Meru, kwenye kipaimara cha Lucky, mtoto wa wifi yangu. Mbuzi wa ndafu ameshakatwa, watu wamejaa mpaka nje ya maturubai, MC anapiga domo lake. Mara kimya. MC mwenyewe akabaki ameshika maiki kama mtu aliyesahau jina lake.

Na aliyewanyamazisha wote ni binti yangu Brenda, ana miaka tisa.

Yule yule ambaye ukoo mzima ulisema hajui watu.

Ngoja nianze mwanzo, msije mkasema Namnyaki anarukaruka.

Mimi ni Mwarusha, naishi Lemara, Arusha mjini, na mume wangu Eliud, Mmeru wa hapo Akheri. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Brenda alipokuwa darasa la pili, gari la shule lilikuwa linampitia jogoo bado wamelala, linamrudisha jioni anasinzia na begi mgongoni. Siku moja akalala na kijiko cha wali mdomoni.

Nikamwambia Eliud, "Baba Brenda, mimi si mwalimu? Huyu nitamfundisha hapa hapa mezani."

Akakubali.

Weee! Maneno yakaanza hapo.

"Sasa mtoto atachangamana na nani? Na kuku?" Huyo ni wifi Ruth, dada yake Eliud, na aliyasema hayo mbele ya watu.

Mwingine akasema atakuwa bubu. Mwingine akasema akiolewa hatajua la kumwambia mume. Jamani, mtoto wa miaka tisa, mnamwoza lini?

Mimi mdomo ninao. Nikawaambia, haya, mchukueni mwende naye Kaloleni kununua kandambili tu, mtaniambia mmerudi saa ngapi. Kwanza lazima Mzee Ludovick, fundi viatu, aulizwe mguu unaendeleaje. Ukidhani mmemaliza, mama wa maziwa naye anaulizwa yule ng'ombe kazaa au bado. Mimi nimesimama juani na kikapu, mtoto anasikiliza habari za ndama! Na jioni mtaani ni kuruka kamba na wenzake mpaka nimwite kwa fimbo.

Ila nisiwe muongo. Brenda akiwekwa kwenye kundi la watoto wengi wenye kelele, ananyamaza. Anasimama pembeni, anawaangalia kwanza. Na kila nikimwona hivyo moyo ulikuwa unaniuma. Nilikuwa najiuliza, je, kama wao ndio wanasema kweli?

Habari zikamfikia mama mkwe, Bibi Elinaza. Huyo mama akisema kaa, hata mbwa anakaa.

Akampigia Eliud simu. "Huyo mtoto anaharibika. Siku ya kipaimara nitamwangalia kwa macho yangu. Nikiona hajui watu, Januari bodingi."

Eliud kwa mama yake hana ubavu. Kesho yake akarudi na tranka la bluu, na kufuli yake, akaliweka sebuleni.

Brenda akalizunguka, akaligonga gonga. "Mama, hili la nani?"

Nikaenda jikoni kukata vitunguu ambavyo hata sikuvihitaji.

Basi siku ikafika. Tumeingia tu, watoto wa ukoo wameshajikusanya, simu juu, wanacheza wanajirekodi. Brenda wangu akaenda akasimama kwenye nguzo ya turubai.

"Mnaona?" Ruth akasema. "Turubai limepata nguzo ya pili."

Wakacheka. Nikanywea, nikawa mdogo kama kidonge cha piritoni.

Bibi Elinaza alikuwa amekaa mbele kabisa na kitenge chake kipya. Kiti cha pembeni yake ameweka mkoba. Kila anayetaka kukaa anaambiwa, "Kiti kina mtu." Shemasi alijaribu, akafukuzwa. Mimi nilidhani anamwekea mchungaji.

Brenda alipoenda kumpa shikamoo, bibi akamshika mkono, akamvuta pembeni. "Njoo unisaidie kitu nyuma ya nyumba." Nikajua mtihani umeanza. Nikaomba Mungu kimoyomoyo.

Bibi akarudi peke yake, akakaa, sahani yake hajaigusa.

Brenda hakurudi.

Nikasubiri. Nikaenda jikoni wanakopakua loshoro, yale mahindi ya mtindi, hayupo. Chooni hayupo. Zizini hayupo. Ruth akanifuata nyuma, na sauti yake ile isiyohitaji maiki.

"Amekimbia watu! Si niliwaambia? Mtoto ameona watu wengi, amekimbilia migombani!"

Eliud akaniangalia. Kwenye yale macho niliona tranka na kufuli yake.

Ndipo wakatokea getini.

Brenda, taratibu, ameshikana mkono na Bibi Sia.

Kama wewe si wa Akheri huwezi kuelewa, kwa hiyo nakueleza. Bibi Sia ni Mchagga wa Machame aliyeolewa hapo jirani. Yeye na mama mkwe walikuwa chanda na pete. Usiku wa mvua aliozaliwa Lucky, gari limekwama kwenye matope, aliyempokea yule mtoto kwa mikono yake ni Bibi Sia.

Halafu mbuzi wa Bibi Sia akala miche ya kahawa ya mama mkwe. Mama mkwe akasimama kwenye kikao cha akina mama kanisani, akasema, "Yule mbuzi hakuanza mwenyewe, amefundishwa na mwenye mbuzi."

Jamani! Mtu mzima kuitwa mwizi kanisani, tena kupitia kwa mbuzi!

Tangu hapo miaka ikapita. Hawasalimiani. Huyu akikaa benchi za kulia, yule anakaa kushoto.

Sasa Bibi Sia huyo anaingia getini. Na mkononi ameshika jani la isale, limefungwa fundo.

Isale ni ule mmea wa majani marefu unaopandwa kwenye mipaka ya mashamba huku milimani. Lakini likifungwa fundo likapelekwa kwa mtu uliyemkosea, maana yake ni moja tu: nisamehe. Na kwa mila, aliyeletewa isale hatakiwi kukataa.

Ndiyo maana watu waliacha kutafuna.

Bibi Sia akatembea mpaka mbele ya mama mkwe. "Elinaza. Nimepata isale lako. Nimekuja."

Mama mkwe akamtazama. Akatazama jani.

Akanyoosha mkono, akauondoa mkoba kwenye kile kiti.

"Kaa, Sia. Chakula kinapoa."

Wee! Vigelegele vilivyopigwa pale! Wale bibi wawili wakashikana, wanalia, wanacheka, mmoja anamfuta mwenzake machozi kwa kitenge. MC naye analia, kazi kasahau.

Mimi nikasema asante Yesu, yameisha. Kumbe yangu ndiyo yanaanza.

Ruth akatuvuta nyuma ya jiko, mimi na Eliud na Brenda.

"Mama hajatuma isale lolote," akasema. "Mama aombe msamaha? Mama yetu huyu? Mtoto kachuma jani mpakani anachezea, kampelekea yule bibi bila kujua maana yake. Bahati tu imekuwa heri. Je, ingekuwa ugomvi? Haya ndiyo matunda ya kumfungia mtoto ndani, hajui hata mila za watu!"

Na mimi, aibu iliyoje, nikamwamini. Nilimwona mwanangu anacheza na majani kama mtoto wa miaka miwili.

Eliud akachuchumaa mbele ya Brenda. "Nani alikutuma kwa Bibi Sia?"

Brenda akaangalia chini.

"Brenda, nakuuliza mimi baba yako."

"Siwezi kusema, baba."

"Huwezi?"

"Nimeahidi." Machozi yakaanza kumshuka, lakini kidevu kiko juu.

Eliud akasimama. "Hasemi na watu, na sasa amekuwa mkaidi. Basi. Januari anaenda bodingi, na sitaki mjadala."

Nikamvuta Brenda kwangu, nikamfuta machozi.

"Eliud."

Tukageuka. Mama mkwe amesimama mlangoni mwa jiko na fimbo yake.

"Mwache mtoto. Nimemtuma mimi."

Ruth akabaki mdomo wazi. Nzi angeweza kuingia na kutoka.

"Nilichuma isale mwenyewe," bibi akasema, "nikafunga fundo mwenyewe. Ningewezaje kula nyama ya kipaimara cha Lucky na kiti cha Sia kitupu? Nikamwambia Brenda asimwambie mtu. Niliogopa. Kama Sia angekataa, nisingetaka mjue kwamba niliomba."

Kumbe kile kiti! Asubuhi yote mkoba ule ulikuwa unamlindia Sia nafasi.

"Lakini mama," Ruth akasema, sauti sasa ya chini, "wajukuu wote wale wamejaa hapa. Lucky mwenyewe yupo. Kwa nini huyu?"

"Isale halipelekwi na mtu yeyote tu. Neno moja likikosewa, umeharibu. Lucky nampenda, lakini salamu yake kwangu anaitoa macho yakiwa kwenye simu." Akaweka mkono kichwani kwa Brenda. "Huyu akinisalimia anakaa. Anauliza, halafu anasubiri nijibu. Haya, mwambie baba yako ulivyomwambia Bibi Sia."

Brenda akafuta kamasi kwa mkono. "Nilisema shikamoo. Nikamuuliza mbuzi wake hajambo. Akacheka sana. Ndipo nikampa jani."

Mbuzi! Mtoto ameuliza habari za mbuzi!

Eliud akaanza kucheka, halafu akapiga magoti pale pale kwenye majivu, akamkumbatia binti yake. "Nisamehe, mama." Mimi nilikuwa nalia kama bomba lililopasuka, na sikuona haya.

Nikauliza, "Na bodingi, mama?"

"Bodingi ya nini?" Bibi akageuka kurudi kwenye kiti chake. "Ila hilo tranka nileteeni. Panya wananimalizia maharage."

Baadaye kidogo, habari za mbuzi zimeshaenea, Brenda akanivuta gauni. "Mama, Lucky na wenzake wanataka kumwona yule mbuzi. Wanasema mimi ndiye ninayejua njia. Twende?"

Nikawaona wanatoka getini kundi zima, yeye katikati, anaongea mpaka mikono inasaidia.

Sasa nyie wa "atachangamana na nani", siwagombanishi na shule. Shule nzuri zipo, na nyumbani napo kuna nyumba na nyumba. Ila nawaomba kitu kimoja. Kabla hujampima mtoto wa mwenzio kama anajua watu, angalia kwanza jirani gani unampita njiani bila salamu, na umempita tangu lini.

Tranka letu liko Akheri, limejaa maharage. Nusu yake ni ya Bibi Sia.