Verlin Aomba Ruhusa ya Kuuza Bima

Akiwa na miaka ishirini na mbili, Verlin Kubicek alilichoma pikapu lake mwenyewe katikati ya shamba la mahindi, kisha akaenda kumlilia sherifu kwamba limeibwa. Akili nyingi huondoa maarifa: alikwenda na nyusi zimeungua. Mahakama ya jimbo la Nebraska, Marekani, ikamtia hatiani kwa kuilaghai kampuni ya bima.

Miaka ikapita, mgongo ukachoka kuezeka mapaa, na bwana huyu huyu akaamua kuwa wakala wa bima.

"Fisi kaomba kazi buchani," alisema mkewe, Jolene.

"Fisi kazeeka, mke wangu. Hana meno."

Akaanza masomo ya leseni ya bima za mali na ajali, katika chumba cha chini cha kanisa la Walutheri. Mwalimu wao, Bi Maxine, alikuwa na kipaji adimu cha kulaza watu wazima mchana kweupe. Siku moja alieleza kwamba bima husimamiwa na majimbo, maana wakubwa wa serikali kuu, kule Washington, ndio walioyaachia mzigo huo.

"Isipokuwa wanapotaka kuingiza mkono," akaongeza. "Aliyehukumiwa kwa kosa kubwa la udanganyifu hagusi biashara hii, mpaka mkuu wa bima wa jimbo ampe ruhusa ya maandishi. Akijipenyeza kimyakimya, jela inamngoja."

Darasa zima lilikuwa linakoroma. Verlin peke yake ndiye aliyekuwa macho, tena macho makavu.

Baada ya kipindi alimfuata. "Mwalimu, na kama ni kosa la zamani sana?"

"La lini?"

"La ujanani."

"Sheria haijui ujana, Verlin. Omba ruhusa, na usifiche kitu."

Akaomba. Wakamwita Lincoln, mji mkuu wa jimbo, ambako ofisa mmoja mwenye tai alimuuliza kwa nini jimbo limwamini.

"Uongo wa bima naujua harufu," alijibu Verlin. "Unanuka petroli."

Ofisa hakucheka, halipwi kwa kazi hiyo. Serikali, ambayo haina papara, ilitafakari majira yote ya baridi, ikakubali kwa sharti kwamba asishike fedha za wateja. Mtihani akaanguka mara ya kwanza, upande wa sheria za jimbo lililokwisha kumfunza kwa vitendo. Mara ya pili akapita.

Mteja wake wa kwanza alikuwa Jolene. Alivaa miwani, akausoma mkataba neno kwa neno, akarudia mwanzo. Verlin alikaa akinywa kahawa yake, akingoja sahihi, wala hakukasirika.